Rizki ya Kadhi na Idadi ya Kesi: Kuihakiki Hoja ya "Afanyaye Zaidi Alipwe Zaidi"

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu (s.w.t.) na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), katika makala haya tunakusudia kuihakiki hoja moja inayosikika kila yanapozungumzwa maslahi ya makadhi na mahakimu wa ngazi za chini. Hoja yenyewe ni hii: mahakama moja hupokea kesi chache kwa mwaka, na nyingine hufurika watu tangu asubuhi hadi jioni. Basi uadilifu, wanasema, ni mshahara wa hakimu ufuate wingi wa kesi zake. Afanyaye zaidi alipwe zaidi.

Hoja hii ina mvuto wala hatuidharau. Hakuna anayependa kuona mtu mmoja anabeba mzigo wa watu watatu kwa malipo ya mtu mmoja. Lakini kabla ya kuikubali, mwanafunzi wa fiqhi anapaswa kuuliza: je, hukumu ni kazi ya kuhesabiwa kwa vipande, kama magunia yanayoshushwa bandarini? Na ikihesabiwa hivyo, ni nani atakayepata hasara?

Hoja ilivyotekelezwa

Ili tusijadili jambo la kufikirika tu, tutazame mahali ambapo wazo hili limeandikwa katika sheria. Katika jimbo la Arizona, nchini Marekani, wapo mahakimu wa mahakama ndogo wanaoitwa mahakimu wa amani, ambao huchaguliwa kwa kura. Hao husikiliza madai madogo ya fedha, makosa ya barabarani, makosa madogo ya jinai na mashauri ya wenye nyumba wanaotaka kuwatoa wapangaji. Sheria ya jimbo imeweka mshahara wao kuwa asilimia ya mshahara wa jaji wa mahakama ya juu yake, na asilimia hiyo hupanda kwa ngazi kulingana na alama za kazi. Alama hizo zinatokana na idadi ya kesi zilizofunguliwa na aina zake.

Ni lazima tuwe waadilifu kwa utaratibu huu. Kwanza, hakimu halipwi na mdai wala mdaiwa. Pili, mshahara wake hautofautiani akimhukumu mtu au akimwachia. Hili si jambo dogo, kwa maana nchi hiyo hiyo ilikwisha kuonja utaratibu mbaya zaidi. Mwaka 1927, katika kesi ya Tumey dhidi ya jimbo la Ohio, Mahakama Kuu ya Marekani ilitengua hukumu iliyotolewa na meya wa mji mdogo aliyekuwa akikaa kama hakimu. Meya huyo alipata dola 12 katika kesi ile kwa sababu mshtakiwa alipatikana na hatia. Lau angemwachia, asingepata kitu. Mwaka 1977 mahakama hiyo ikautengua utaratibu wa jimbo la Georgia ambapo hakimu alilipwa dola 5 kwa kila hati ya upekuzi aliyoitoa, na akikataa kuitoa hakulipwa. Kwa hiyo Arizona imekwisha kuuziba mlango ulio wazi kabisa wa rushwa. Lakini je, milango yote imezibwa?

Rizki si ujira

Mafakihi wetu walitofautisha mambo mawili ambayo leo huchanganywa. Ujira ni badali ya kazi maalumu: umeshona kanzu mbili, unalipwa za mbili. Rizki ni matunzo anayopewa mtu kutoka Baytul-Mal kwa kuwa amejifunga na maslahi ya Waislamu na hana tena nafasi ya kutafuta. Wengi wao wamejuzisha kadhi apewe rizki, lakini hawakujuzisha aajiriwe kwa ujira wa kuhukumu.

Ibn Qudama (aliyefariki mwaka 620 H / 1223) katika al-Mughni ametaja sababu za katazo hilo. Mojawapo ni kwamba kuhukumu ni jambo la kumkaribia Mwenyezi Mungu, kwa hiyo linafanana na ibada. Nyingine, na hii ndiyo inayotuhusu zaidi, ni kwamba hukumu ni kazi isiyojulikana kiasi chake. Tuizingatie sababu hii. Kesi ya mpangaji aliyekiri kwamba hajalipa kodi inaweza kumalizika kwa dakika chache. Kesi ya mjane anayedai kwamba shamba liliuzwa na mashemeji zake wakati mume wake yu mahututi inaweza kuhitaji mashahidi kumi, safari ya kwenda kuliona shamba lenyewe, na usiku kadhaa wa kufikiri. Katika daftari, kila moja ni kesi moja. Hata zikipewa uzito tofauti kwa aina zake, bado mirathi mbili si sawa, na talaka mbili si sawa. Anayelipwa kwa hesabu atajikuta, pengine bila kukusudia, anamwona yule mjane kuwa ni hasara.

Mfano wa Shurayh

Tukirudi kwenye historia, tunakuta kwamba Umar bin al-Khattab (r.a.) alimpa Shurayh, kadhi wa Kufa, dirhamu 100 kwa mwezi. Ulipofika wakati wa Ali bin Abi Talib (r.a.), rizki ya Shurayh ikafikishwa dirhamu 500. Mtu anaweza kusema: huu ndio ushahidi wetu! Kufa ilikua, kesi zikaongezeka, malipo yakaongezeka.

Lakini tazama wanazuoni wa Kihanafi, akiwemo as-Sarakhsi, walivyolieleza jambo hili. Walisema kwamba wakati wa Umar watu wa nyumbani kwa Shurayh walikuwa wachache na vitu vilikuwa rahisi. Baadaye familia ikawa kubwa na bei zikapanda. Kipimo chao kilikuwa ni kifaya, yaani kumtosheleza yeye na anaowalea. Hawakuihesabu milango iliyobishwa wala mashauri yaliyokatwa. Umar mwenyewe, alipowaandikia Abu Ubayda na Muadh bin Jabal (r.a.) kule Sham kuhusu kuteua makadhi, aliwaagiza wawateue watu wema, wawakunjulie mkono na wawatosheleze kutoka katika mali ya umma. Maana yake ni kwamba kadhi atoshelezwe kwanza, ili akae kuhukumu akiwa hana jicho kwa mali ya mtu.

Hata hivyo, hatusemi kwamba malipo ya makadhi wote lazima yalingane. Abu Yusuf (aliyefariki mwaka 182 H / 798), katika Kitab al-Kharaj alichomwandikia Harun ar-Rashid, ameeleza kuwa kuzidisha au kupunguza rizki za makadhi na watumishi ni shauri la kiongozi, kwa kadiri anavyoona maslahi. Kwa hiyo mwenye cheo kizito anaweza kupewa zaidi. Lakini Abu Yusuf huyo huyo amesisitiza kwamba rizki ya kadhi itoke Baytul-Mal, na hakuridhia atunzwe kutokana na mali za mirathi zinazopita mikononi mwake, kwani kadhi ni msimamizi wa tajiri na maskini, mdogo na mkubwa. Tunapata kanuni mbili: kiwango kipangwe na mwingine, na chanzo chake kisiwe kile anachokihukumia.

Yaliyotokea katika dola ya Uthmaniya

Historia ya Uthmaniya inatuonyesha matokeo ya kuvunja kanuni hizo. Makadhi wa dola ile walipangwa vyeo kwa akche za kila siku: wa wilaya za kawaida hadi akche 150, na wa miji mikubwa 300 na 500. Lakini kwa sehemu kubwa hizo hazikuwa fedha za hazina. Zilikuwa makadirio ya ada ambazo kadhi angezipata kwa kuandika hati, kusajili na kugawa mirathi. Kwa maneno mengine, pato lake lilifuata wingi wa kazi.

Mlango wa fiqhi ulioingiwa ni huu: Wahanafi wamemruhusu kadhi achukue ujira wa kuandika hati, kwa kuwa kuandika si kuhukumu, kwa kiwango ambacho mwandishi mwingine angelipwa. Ruhusa hiyo ina mipaka. Ibn Abidin (aliyefariki mwaka 1252 H / 1836) ameinakili kauli ya waliopinga ada ya kadiri fulani kwa kila elfu: mwandishi anapata taabu gani ya ziada kwa sababu tu mali iliyotajwa katika hati ni nyingi? Ujira ufuate taabu yake.

Vitendo havikusimama kwenye mpaka huo. Muda wa kadhi wa wilaya ulifupishwa hadi kufikia miezi 20, kisha akangoja zamu bila kazi. Mtu aliye katika hali hiyo hukusanya haraka. Katika karne ya 16 na ya 17 masultani walitoa amri za uadilifu kuwakemea makadhi waliozunguka vijijini na kugawa mirathi ya watu ambao hawakuomba kugawiwa, ili wapate ada. Makadhi hao hawakuwa wote watu waovu. Utaratibu uliwafanya waitazame maiti ya Muislamu kama pato. Kazi ya kadhi ilipofanywa kuwa chumo lake, kadhi aliitafuta kazi hata pale isipotakiwa.

Hakimu aliyechoka

Lipo jambo la mwisho ambalo wenye hoja hii hulisahau. Katika hadithi iliyopokelewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Bakra (r.a.), Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kuhukumu baina ya wawili akiwa na hasira. Mafakihi wakakisia juu yake kila kinachovuruga fikra: njaa, usingizi, uchovu, huzuni. Basi wingi wa kesi si sifa ya kuzawadiwa. Ni hatari kwa wenye haki. Ukimwongezea malipo hakimu aliyeelemewa kwa sababu ameelemewa, umemlipa ili abaki katika hali ambayo sharia inamtaka asihukumu ndani yake. Na siku utakapotaka kumletea msaidizi wa kugawana naye kesi, utakuwa umemwomba akubali kupunguziwa mshahara.

Kauli yetu

Kwa hiyo tunasema: uzito wa kazi ni kipimo sahihi, lakini ni kipimo cha mahakama, si cha mkono wa hakimu. Kesi zikizidi, waongezwe makadhi, makarani na siku za kusikiliza. Kadhi wa mji mkubwa anaweza kupewa zaidi kwa uzito wa cheo na ughali wa maisha, kwa kiwango kilichopangwa kabla na kisichopanda wala kushuka kwa kesi za mwezi. Utaratibu wa Arizona umefaulu mtihani wa kwanza, kwani hakimu hafaidiki na hukumu. Katika mtihani wa pili una udhaifu: maslahi yake yamefungamana na wale wanaofungua kesi nyingi, nao ni askari wa barabarani na wenye nyumba, si mpangaji anayeshtakiwa mara moja katika umri wake.

Kwa ndugu zetu walioko Kenya, ambako Mahakama za Kadhi zimetajwa katika Katiba ya mwaka 2010, na Zanzibar, mjadala huu wa maslahi utakuja na utarudi. Na ukija, kanuni hizi zitangulizwe. Na kwa maimamu wanaosuluhisha ndoa na kugawa mirathi misikitini bila mshahara wowote, al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 H / 1058) ameacha mwongozo kwa kadhi mhitaji asiyepata rizki ya umma. Asichukue isipokuwa kwa idhini ya kiongozi. Pande zote mbili zichangie na zijue kabla ya shauri kuanza. Kiasi kisizidi haja yake wala kisiwadhuru. Na kizingatie muda aliotumia, si ukubwa wa mali inayogombewa. Imamu anayechukua fungu la mia katika urithi wa mayatima na ajipime kwa mizani hiyo.

Na jamaa za msikiti nazo zijipime. Masharti yote hayo ya al-Mawardi yanaanzia mahali pamoja: kwamba umma umeshindwa kumtosheleza anayewahukumia. Tukiwatosheleza, hatutahitaji kuzihesabu kesi zao.

Wallahu a'lam.