Beti Tunazoziruka

Kama umemaliza kidato cha nne mchezo huu unaujua. Mitihani ikikaribia, daftari linazungushwa darasani, na kila jina linaandikiwa wimbo unaomfaa mwenyewe. Sharti letu lilikuwa nyimbo za zamani tu, zile ambazo hata wazazi wanazijua. Wengi huuita mchezo huu upuuzi. Mimi nathubutu kuuita uhakiki, tena ule tunaoufanya bila kuamrishwa na mwalimu. Ila tunaufanya vibaya.

Chukua "Malaika". Kwetu alipewa msichana mzuri kuliko wote, basi, yakaisha. Lakini katika wimbo ule, aliourekodi Fadhili William wa Kenya kabla Miriam Makeba hajaueneza duniani, nani anasema? Malaika hatamki neno. Anayesema ni kijana anayependa lakini hana mali ya kuolea. Kwa haki, wimbo ulikuwa wa yule jamaa wa dawati la nyuma, aliyekuwa akirudishwa nyumbani kila muhula kwa ajili ya ada. Yeye aliwekewa kistari tu. Eti hana wimbo!

"Starehe" wa Ferooz alipewa mpenda disko, na waliompa walidhani wanamsifu. Kumbe ule ni wimbo wa majuto ya kijana anayekufa kwa UKIMWI. Jamaa waliishia kwenye jina.

Kaka mkuu, kwa domo lake, alipewa "Ndio Mzee" wa Professor Jay, wa mwaka 2001. Hapo angalau walikaribia. Lakini maneno hayo mawili si ya mgombea anayeahidi yasiyowezekana. Ni ya umati unaomwitikia. Kwa hiyo wimbo ulitufaa sisi tuliompigia makofi. Na mwaka 2015 msanii mwenyewe alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, akapanda jukwaa lile lile alilolichekesha. Wimbo mzuri haukubali kukaa na mtu mmoja.

Kosa ni lile lile mara zote tatu: tunasikia jina na kiitikio, beti tunaziruka. Na watu tunawasoma hivyo hivyo. Huyu mzuri, yule mlevi, yule domo, na mwingine kistari. Kiitikio hurudi kilivyo, ubeti ndio unaosogeza habari mbele. Mimi ninayehangaika na riwaya yangu ya kwanza naona mhusika anaishi humo kwenye beti. Sasa mtu wa miaka kumi na minane utamfungia kwenye kiitikio, ilhali ubeti wake wa pili bado hajauimba?

Siombi mchezo ufe, maana ni mtamu. Wadogo zangu mnaomaliza mwaka huu, kabla ya kumwandikia mtu wimbo jiulizeni nani anasema ndani yake, na anataka nini. Kisha mtazameni aliyeachiwa kistari. Huenda nusu ya nyimbo mlizokwisha gawa ni zake.