Aiskrimu ya Magamba na Hesabu Zake

Anayetoka Handeni akafika Korogwe na kushika barabara ya Arusha atapita Mombo, pale njia ya Lushoto inapoanza kuupanda mlima. Huko juu, katika Shule ya Sekondari Magamba, mwaka 1963, Erasto Mpemba wa kidato cha tatu aligombea nafasi ya friza na wenzake waliokuwa wakitengeneza aiskrimu. Hakungoja maziwa aliyochemsha yapoe. Aliyatia yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia baridi.

Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Lakini rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga alikuwa akifanya hivyo makusudi, ili igande upesi. Baadaye Mpemba, akiwa shuleni Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni kutoka chuo kikuu cha mjini Dar es Salaam, Denis Osborne, kwa nini ya moto huganda kwanza. Wanafunzi wakacheka. Osborne alirudi chuoni akaagiza jambo hilo lipimwe kwa maji, na fundi wa maabara, alipoona maji ya moto yametangulia, akaahidi kurudia mpaka jibu sahihi lipatikane!

Hadi hapo ni kazi ya kupima. Mimi hustahi zaidi kazi ya mwananadharia, asiye na friza wala maziwa. Maji yana vurugu: mvuke unatoroka, mikondo inazunguka, hewa imeyeyuka ndani. Yeye huondoa kimoja kimoja, bila haraka, mpaka libaki swali tupu: je, kilicho mbali zaidi na utulivu chaweza kuufikia kwanza? Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz walionyesha kwa hesabu kwamba chaweza, kwa kuwa joto la mwanzo huamua njia ya kupoa. Aliyepanda basi Handeni mjini aweza kumtangulia Korogwe mtu aliyeanza karibu zaidi lakini anakata pori kwa miguu.

Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, Kanada, waliijaribu hoja hiyo kwa chembe moja isiyoonekana kwa macho, nayo ikakubali. Kuhusu maji yenyewe ubishi ungalipo: Henry Burridge na Paul Linden walipima mwaka 2016, wasiridhike na ushahidi. Nadharia haikuyumba, maana ilishaachana na maji.

Mpemba hakuwa mwanafizikia. Alikwenda Mweka, Moshi, kusomea wanyamapori. Lakini makala iliyolieleza jambo hilo, ya 1969 katika jarida la Physics Education, ina majina mawili, lake na la Osborne, na lake ndilo la kwanza.