"Crazy" ya Pete Earley: mgonjwa akitoka buloko, aende wapi?



Leo nawaletea kitabu cha Mmarekani mmoja, Pete Earley, mwandishi wa habari aliyefanya kazi zamani kwenye gazeti la Washington Post. Kitabu kinaitwa Crazy. Kilitoka 2006, na mwaka uliofuata kilifika kati ya vitabu vya mwisho vilivyoshindania tuzo ya Pulitzer. Nakileta hapa juu kati yetu kuna avoka, kuna banganga, kuna wanaofanya kazi parke, na kuna wazazi. Kitabu hiki kinawagusa wote wanne. Kizuri ni kizuri, nitakisifu. Lakini kuna fasi moja ambapo mwandishi, kwa maoni yangu, anamkamata mwizi ambaye si mwenyewe.

Kwanza, habari yenyewe. Mtoto wa Earley, kijana wa chuo, anashikwa na ugonjwa wa akili. Anaacha dawa. Baba anamkimbiza lopitali, na kule wanamwambia: sheria haituruhusu kumtibu kwa nguvu mtu ambaye bado hajawa hatari. Mrudishe siku atakapojaribu kujiumiza ao kuumiza mtu. Kisha kijana anavunja nyumba ya watu asiowajua, wenyewe hawako, anaingia kuoga. Polisi wanamkamata. Baba, ili mtoto apelekwe lopitali na si buloko, anadanganya: anasema kijana ametishia kumuua. Uongo ule njo ulimfungulia mtoto mlango wa munganga. Hata hivyo dosie haikufa: alifunguliwa mashtaka mawili makubwa.

Ndugu zangu, msome kurasa zile polepole. Mzazi mwenye kuheshimu sheria analazimishwa kusema uongo ili sheria imsaidie. Sijui ukosoaji gani wa serikali ungekuwa mkali kupita ule.

Baada ya hapo Earley anafanya kazi ya mwandishi wa kweli. Anaondoka kwenye habari ya nyumba yake, anaenda Miami, na kwa karibu miezi 10 anaingia na kutoka katika buloko la kaunti ya Miami-Dade, zaidi kwenye ghorofa ya 9 walipofungwa wagonjwa wa akili. Watu uchi ndani ya vyumba vya baridi. Walinzi wasiofundishwa ugonjwa ni nini. Siku moja anamfuata munganga mkuu wa akili wa buloko akipita kuangalia wagonjwa, na anapima kwa saa: wafungwa 92 kwa dakika 19 na nusu. Kwa kila mtu, sekunde 12.7. Hakuongeza maneno mengi. Namba ile inatosha, na hapo ndipo nguvu ya kitabu ilipo: mwandishi anahesabu, halafu anatuacha sisi wenyewe tuone aibu.

Sehemu yake bora ni ile ya duara. Mgonjwa analala njiani, anakojoa fasi ya watu ao anaiba kitu kidogo, anakamatwa. Anangoja. Akiwa mgonjwa sana asiweze kuelewa kesi, anatumwa lopitali ya serikali, sio ili apone, lakini ili aweze kusimama mbele ya zuzi. Akielewa kidogo, anarudishwa buloko. Pale dawa inakatika, anaharibika tena. Ao anaachiliwa na kurudi njiani palepale alipotoka. Kisha anakamatwa. Earley anafuata watu kadhaa ndani ya duara hiyo, na ukimaliza kusoma hutasema tena "lakini familia yake iko wapi?" kwa wepesi ule wa zamani.

Sasa niseme kisichonipendeza.

Earley anauliza: nani alitufikisha hapa? Jibu lake linaegemea sana upande wa sheria za uhuru. Anatukumbusha kesi ya O'Connor na Donaldson, iliyotoka katika jimbo lilelile la Florida: mtu alifungiwa karibu miaka 15 katika lopitali ya wagonjwa wa akili bila kuwa hatari kwa yeyote, na mwaka 1975 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema haiwezekani kumfungia mtu namna ile kama anaweza kuishi salama nje. Kwa Earley, baba mwenye hasira ya haki, sheria za namna hiyo zimekwenda mbali: zimempa mgonjwa haki ya kuharibikiwa. Anataka iwe rahisi zaidi kumtibu mtu hata akikataa.

Namwelewa. Mtu ambaye ugonjwa wenyewe unamwambia "hauko mgonjwa" hawezi kuachwa tu kwa jina la uhuru. Lakini kitabu chake mwenyewe kinashuhudia kitu kingine. Mwaka 1955 lopitali za majimbo ya Marekani zilikuwa na wagonjwa wa akili zaidi ya 550,000. Zilifungwa moja baada ya ingine. Mwaka 1963 Rais Kennedy alitia sahihi sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili katikati ya mitaa, watu watibiwe karibu na kwao. Vilipangwa vituo 1,500. Karibu nusu havikujengwa. Maana yake ni nini? Mlango wa kutoka ulifunguliwa, mlango wa kuingia upande wa pili haukujengwa. Buloko lilibaki fasi moja tu ambayo haiwezi kumwambia mtu "hakuna nafasi, rudi kesho". Kumbe tatizo halikuwa uhuru kupita kiasi. Tatizo ni uhuru usio na anuani. Earley anaonyesha nyumba za kupanga chafu wanakotupwa waliotolewa lopitali, anazieleza vizuri kabisa, lakini akifika kwenye hukumu yake anazisahau nusu.

Na mwenye kumsahihisha yuko ndani ya kitabu hichohicho: zuzi Steven Leifman. Mwaka 2000, baada ya mtu mmoja mgonjwa kufika mbele yake na yeye kukosa fasi ya kumpeleka, Leifman alianzisha mpango wa kugeuza njia ya wagonjwa wasiishie buloko. Mpango una mikono miwili. Mkono wa kwanza ni polisi: wanafundishwa kwa saa 40 kutambua ugonjwa, kusema kwa utulivu, na kumpeleka mtu lopitali kuliko kashot. Mafunzo hayo yalianzia mji wa Memphis mwaka 1988, baada ya polisi kumuua kwa risasi kijana mgonjwa wa akili. Mkono wa pili ni mahakama: aliyekwisha kukamatwa kwa kosa dogo anaondolewa buloko kwa siku chache, anapelekwa kutibiwa, na akikubali kufuata matibabu, mashtaka yanaweza kupunguzwa ao kufutwa. Kuanzia 2008 wakaongeza na baadhi ya makosa makubwa yasiyo ya kumwaga damu.

Matokeo yalionekana zaidi baada ya kitabu kutoka. Kwa miaka kama 10 kuanzia 2010, polisi wa Miami na wa kaunti walijibu miito zaidi ya 100,000 ya watu wenye shida ya akili, na waliokamatwa hawakufika 200. Kati ya wenye makosa madogo waliopita katika mpango, wanaorudi buloko walishuka kutoka karibu 75 kwa 100 hadi karibu 20. Kaunti ikafunga jengo moja la buloko na kuokoa dolari milioni 12 kwa mwaka.

Watu wakisikia hayo wanapiga mikono kwa zuzi na kwa polisi. Mimi nawaomba muangalie nyuma yao. Chuo kikuu kimoja cha Florida kilitafuta wale wanaorudi-rudi zaidi, kikapata watu 97. Kwa miaka 5 wale 97 peke yao walikamatwa karibu mara 2,200, wakalala buloko siku 27,000, na kula dolari za umma karibu milioni 13. Watu wale hawakukosa polisi wa kuwakamata wala zuzi wa kuwasikiliza. Walikutana nao mara kwa mara! Walichokosa ni kitanda, dawa na mtu wa kuwasindikiza. Njo maana mpango wa Miami ulijaza hasa pengo lile. Uliajiri watu waliowahi kuugua wenyewe, wakapona, na sasa wanamshika mgonjwa mkono anapotoka: hapa utalala, kesho tunaenda kwa munganga pamoja. Ukaweka wafanyakazi wa kujaza makaratasi ya pensheni ya ulemavu, na maombi yao yalikubaliwa mara ya kwanza 91 kwa 100, wakati katika nchi nzima ilikuwa 37 tu. Mwenye kusoma kitabu haraka ataona shujaa aliyevaa joho. Mimi naona yule mwenye kujaza makaratasi.

Sisemi mpango ule ni mtakatifu. Kukubali kwa mtu mwenye dosie juu ya kichwa si kukubali kamili; ni kuchagua kati ya munganga na mlinzi wa buloko. Na hata Miami wenyewe walikwama kwenye kitu kilekile. Mwaka 2004 wapiga kura walikubali pesa za kujenga kituo kikubwa cha kuwapokea wagonjwa hawa. Miaka 20 ilipita, mlango ulikuwa haujafunguliwa. Mnaona? Kufundisha polisi kulienda haraka. Nyumba ndiyo ilichelewa. Siku zote nyumba ndiyo inachelewa.

Na sisi je? Najua ndugu mmoja ataandika hapa chini: "Ile ni Marekani, beko na franga." Ni kweli, kwetu mgonjwa hana pensheni ya ulemavu ya kungoja. Pensheni yake ni familia, na dawa inalipwa mfukoni. Lakini tusijifiche nyuma ya umaskini haraka hivyo. Sheria tunayo: ile ya tarehe 31 Desemba 2015, iliyorekebisha kodi yetu ya makosa, inasema mtu ambaye ugonjwa wa akili ulimnyima uwezo wa kuelewa alichofanya habebi hatia. Swali ni: nani anaiuliza, na saa gani? Kama inangoja mpaka mbele ya zuzi, mtu amekwisha kukaa miezi ndani, katika magereza ambapo mwenye kukosa ndugu wa kumletea chakula anateseka mara mbili. Inabidi iulizwe na OPJ, siku ya kwanza, kabla ya kuandika PV. Na avoka wa chama hiki wanaweza kuanza kuidai kesho asubuhi, bila kungoja dolari ya mtu.

Ila tukumbuke kosa la Earley. Tukimtoa mutu wa kilalu kashot na kusema tu "mumurudishe kwao", tumejenga mkono mmoja. Hapa Lubumbashi tuko na kituo cha wagonjwa wa akili cha Mabruda wa Karidadi, kinachoitwa kwa jina la Dr Joseph Guislain, munganga wa mji wa Gent, Ubelgiji, ambaye katika karne ya 19 alipigania wagonjwa wa akili watendewe kama wagonjwa. Bukavu iko na Sosame. Milango iko, ingawa ni michache. Kinachokosekana ni njia kati ya komisaria na mlango ule: mtu wa kupiga simu, mtu wa kulipa taksi, mtu wa kwenda kuona kisha wiki mbili kama dawa bado inamezwa. Bila yeye, familia inachoka, mgonjwa anapelekwa chumba cha maombi ao anafungwa kamba nyuma ya nyumba, na duara ya Miami inazunguka hapa kwa lugha yetu.

Sisi tuliosoma Kasapa tunajua jina lile liko na milango miwili: chuo na gereza, barabara moja. Tulipita mbele ya mlango wa pili miaka mingi tukiwa na sillabus mkononi. Wanafunzi wa sheria, wa munganga na wa saikolojia wanaweza kufanya kazi ya kwanza isiyo na gharama kubwa: kuhesabu. Wangapi ndani ni wagonjwa, wameingia kwa kosa gani, wamekaa siku ngapi, nani anawatembelea. Earley alihesabu sekunde, Florida ikahesabu watu 97, na pale njo watu wa bajeti walianza kusikiliza.

Kisomeni kitabu. Kina hasira nzuri na macho makali. Lakini mkifika fasi anapolaumu uhuru wa mgonjwa, wekeni alama kwa kalamu na mjiulize: angekuwa na fasi ya kulala na mtu wa kumsindikiza, tungehitaji kumlazimisha mara ngapi?

Wenye kazi parke, magerezani na lopitali, neno ni lenu. Mtuambie mnayoyaona, bila kutaja majina ya wagonjwa.