Kamba, Banta na Ng'ombe wa Mawe

Mwili wa mtoto mwenye usonji husahaulika upesi. Wazazi na walimu huhangaikia maneno yaliyochelewa na macho yanayokwepa, ilhali wengi wa watoto hawa pia hutembea kwa ncha za vidole, hulegea misuli, hujikwaa ngazini, au hukwama katika kitendo chenye hatua kadhaa kama kudaka mpira. Jean Ayres, mtaalamu wa Marekani wa tiba ya utendaji kazi (occupational therapy) aliyechapisha kitabu chake kikuu mwaka 1972, alisisitiza hisi zisizotajwa sana: mguso, mizani inayolindwa na sikio la ndani, na ile hisi ya misuli na viungo inayomjulisha mtu mkono wake ulipo hata akiwa amefumba macho. Michezo ya watoto ya Kenya inazilisha hisi hizo zote, na vifaa vyake haviuzwi kwa bei ya hospitali.

Ufundi wa kuitumia michezo hiyo kama tiba uko katika kuugawa mchezo vipande. Kuruka kamba, kwa mfano, hakuanzi na kuruka. Kamba hulazwa chini, mtoto akaifuata kwa nyayo, mguu mbele ya mguu. Ikishazoeleka, huivuka ikiwa imetulia, kisha ikitikiswa chinichini kama nyoka, kisha ikipembezwa huku na huku bila kupita juu ya kichwa. Wimbo huimbwa tangu siku ya kwanza, kwa mwendo uleule, kwa kuwa mtoto anayeogopa mambo ya ghafla hujua kutokana na mdundo lini zamu yake itafika. Mtaalamu mwenye haraka hapa huharibu kazi. Kipande kimoja kinaweza kuchukua wiki nyingi, na subira hiyo inastahili heshima sawa na ya fundi yeyote mkubwa.

Banta, mchezo wa gololi, huchezwa kwa kuchuchumaa. Visigino vikibaki chini, misuli ya mashavu ya miguu hunyooka, jambo lenye manufaa kwa mtoto atembeaye kwa vidole. Nacho kidole kinachofyatua gololi hujizoeza kazi ya kalamu. Tairi kuukuu, likisukumwa, huvipa viungo uzito unaowatuliza baadhi ya watoto.

Katika maboma ya wafugaji wa Kajiado, watoto hujenga zizi la vijiti na kulijaza ng'ombe wa mawe: makubwa ni fahali, changarawe ni ndama. Leo Kanner, daktari aliyeueleza usonji mwaka 1943 kupitia watoto 11, aliona jinsi walivyoshikilia mpangilio usiobadilika. Mtoto apendaye kupanga vitu safu huweza kukaribishwa kwenye zizi hili bila kukemewa. Safu yake ni kundi linalokwenda mtoni. Mtu mzima huweka jiwe moja langoni na kungoja. Mtoto akilisogeza, tayari wawili wanacheza kitu kimoja. Kuinama, kubeba jiwe zito na kuzunguka zizi ni mazoezi kamili ya kiwiliwili.

Si kila mchezo unamfaa kila mtoto. Tapo, mchezo wa kukimbizana na kuguswa, humtesa asiyevumilia kuguswa, hivyo leso hufungwa kiunoni iwe mkia wa kunyakuliwa. Kati, mchezo wa kumlenga kwa mpira aliye katikati, huanza wachezaji wakiwa wameketi, mpira wa soksi ukiviringishwa taratibu, na makelele hupunguzwa. Wala mchezo hauondoi usonji, ambao ni hali ya ukuaji wa ubongo. Kinachopimwa ni sekunde za kusimama mguu mmoja, kisigino kinachogusa ardhi, idadi ya mipira iliyodakwa.

Kitengela, mji wa Kajiado uliohesabiwa kuwa na watu zaidi ya 150,000 mwaka 2019, una familia nyingi zinazoishi kwenye ploti zenye ua mmoja. Hapo ndipo michezo hii inaishinda mashine ya kliniki: majirani wanaijua tayari. Hatua ya mwisho ya tiba ni kuwaita ndugu na watoto wa ploti, kuwaonyesha mwendo wa kamba ambao mwenzao ameuzoea, na kuwakabidhi ncha zake mbili. Mtaalamu hubaki pembeni, akihesabu.