Kati ya Bati na Tangi

Mtu akiamua kuvuna maji ya mvua nyumbani kwake, kitu cha kwanza anachokwenda kununua ni tangi. Atalinganisha bei, atauliza majirani, atakodi kirikuu kimletee tangi jeusi la lita 5,000, na watoto watalizunguka wakiligonga wasikie mlio wake. Akishalisimamisha pembeni mwa nyumba anajiona amemaliza. Kumbe tangi ndilo jambo jepesi kuliko yote katika kazi hii. Limetoka kiwandani likiwa tayari, lina mdomo juu na tundu chini, na litapokea chochote litakacholetewa, kiwe maji au kinyesi cha njiwa. Ustadi uko kwenye zile mita chache zilizo kati ya bati na mdomo wa tangi. Nataka kuwasifu mafundi wanaoijua njia hiyo, kwa kuwa sijasikia mtu akiwasifu. Mwashi anasifiwa kwa ukuta, seremala kwa mlango, lakini fundi wa gata anakumbukwa siku gata linapovuja.

Nitaizungumzia Dodoma, kwa sababu huko ufundi huu hauna nafasi ya uzembe. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, huisha Aprili, na mwaka wa kawaida hushusha kati ya milimita 550 na 600, kama nusu hivi ya mvua ya Dar es Salaam. Baada ya hapo ni vumbi na upepo hadi mwaka uko ukingoni. Mvua yenyewe haina adabu ya kunyesha polepole: alasiri wingu linajikusanya upande mmoja wa mji, linafungua, linamimina nusu saa, linaondoka. Asiyekuwa tayari katika nusu saa hiyo atabaki kuitazama ikikimbilia korongoni.

Hesabu yake mtoto wa darasa la nne anaiweza. Milimita moja ya mvua ikiangukia mita moja ya mraba, umepata lita moja. Paa la mita za mraba 100, ambalo ni paa la nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu na sebule, likipata milimita 570 kwa mwaka linapitiwa na lita 57,000. Toa moja ya tano kwa yale yanayoruka, yanayokaukia kwenye bati la moto na yanayomwagwa kusafisha njia, bado unabaki na zaidi ya lita 45,000. Nimeona watu wakikataa kuamini hesabu hiyo mpaka waifanye wenyewe kwa kalamu. Ila paa lipimwe chini, kwenye kivuli linachokitupa jua likiwa utosini. Wapo wanaodhani paa lililosimama sana huvuna zaidi kwa kuwa mabati yake ni mengi. Halivuni zaidi, mvua haihesabu mabati.

Nyumba ya asili ya Wagogo, tembe, haikuwa na hesabu hii. Paa lake lilikuwa bapa, la miti iliyofunikwa udongo, na lililinda watu dhidi ya jua kuliko bati litakavyowahi kufanya, lakini mvua ilikuwa inanywewa na udongo uleule. Maji yalitafutwa kwa kuchimba mchanga wa mito iliyokauka. Bati lilipoingia lilileta joto na kelele, na sidhani kama waliolipokea walifikiri sana habari ya maji. Walitaka paa lisilohitaji kusiribwa kila mwaka. Uwanja wa kuvunia walipewa bure, na kwenye nyumba nyingi hadi leo umekaa tu, mvua inatiririka kutoka kwenye bati na kuchimba mtaro chini ya ukuta hadi msingi unachungulia.

Sasa tuje kwenye gata.

Fundi asiyejua hufunga gata kama mtu anayetundika picha: ananyoosha, anatazama kwa jicho, anapiga misumari. Anayejua huanza na uzi. Anaupigilia ncha moja upande wa mbali, anaushusha upande wa tangi, kisha anapima kwa pima maji au kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani yake, kwa sababu ubao wa pembeni mwa paa hauaminiki. Nyumba nyingi zina ubao uliopinda na mwenye nyumba hajui. Mteremko anaoutafuta ni mdogo mno, sentimita moja kwa kila mita. Ukipungua, maji yanalala, majani yanaoza, mbu wanahamia. Hata ukiwa sawasawa, nyumba ndefu ina balaa lingine: nyumba ya mita 12 ikishushwa sentimita moja kila mita, mwisho wa gata utakuwa sentimita 12 chini ya ncha ya bati, na mvua ya Dodoma ikija na nguvu zake itaruka juu ya gata kwenda zake. Kwa hiyo fundi mwenye akili anaweka mdomo wa kushushia maji katikati, pande zote mbili zikateremkia hapo, na hakuna upande unaoshuka zaidi ya sentimita sita.

Jambo la pili ni umbali wa gata kutoka kwenye bati, na hapa ndipo mafundi hutengana. Manyunyu yana tabia moja na mvua kubwa ina nyingine. Maji machache hujikunja chini ya ncha ya bati na kudondokea karibu kabisa na ukuta, wakati maji mengi hutoka kwa kasi na kuanguka mbali. Gata lililofungwa kwa kufikiria tabia moja tu litakosa maji ya tabia ya pili. Fundi hulisogeza hadi ncha ya bati iingie kidogo ndani ya gata, na pale mabati mawili ya paa yanapokutana bondeni, maji yanapotoka kama mto, anapachika kipande cha bati kilichosimama ukingoni kuyazuia yasiruke. Kipande hicho hakipendezi kwa macho. Wenye nyumba wengine huomba kiondolewe, kisha mvua ya kwanza huwafanya waombe kirudishwe. Maji yakimwagika hayazoleki, na yaliyoruka gata yamekwisha kumwagika.

Ukubwa nao una kanuni, ambayo mafundi wengi wanaijua kwa mkono kabla ya kuijua kwa namba: kwa kila mita ya mraba ya paa inayomwaga maji upande huo, gata liwe na angalau sentimita moja ya mraba ya nafasi ndani yake. Nusu ya paa letu ni mita 50, basi sentimita za mraba 50, na kwa mvua za kwetu ni busara kuongeza. Ikinyesha milimita mbili kwa dakika, jambo ambalo si geni katika dhoruba zetu, upande huo mmoja unashusha lita 100 kila dakika, ndoo tano za lita 20. Gata lililojaa ni zito pia: lenye upana na kina cha sentimita kumi hubeba kilo kumi kwa kila mita. Ndiyo maana breketi hazipaswi kuachana zaidi ya mita moja, na fundi anayeheshimu kazi yake huziweka karibu zaidi ya hapo hata kama mwenye nyumba analalamikia gharama.

Halafu hupanda ngazi na ndoo ya maji. Anaimimina upande wa mbali kabisa, anashuka haraka, anaangalia. Maji yanapaswa kufika yote, bila kusimama njiani, bila tone chini ya kiungo. Yakisimama mahali, anafungua breketi mbili na kurudia. Nimewahi kumsikia fundi mmoja akimjibu mama mwenye nyumba aliyekuwa anamharakisha: "Mama, nikiondoka sasa hivi, huyu atakayekuja kunirekebisha ni mvua, na mvua hailipwi ikaondoka."

Baada ya gata kuna maji ya kwanza. Kwa miezi saba bati limekuwa likikusanya vumbi, vinyesi vya ndege na mijusi, majani ya mwarobaini, na kila kilicholetwa na upepo. Bibi zetu walilijua hili bila bomba lolote: waliiacha mvua inyeshe kidogo, ioshe paa, ndipo waweke sufuria chini ya mchirizi. Fundi wa leo anafanya kilekile kwa bomba lililosimama wima, lililozibwa chini, linalojaa kwanza kabla maji hayajapata ruhusa ya kwenda kwenye tangi. Kutenga nusu milimita ya paa la mita 100 ni lita 50. Bomba la inchi nne hubeba lita nane tu kwa kila mita, kwa hiyo kile kipande kifupi ambacho wengi huweka kwa kujionyesha hakisafishi chochote. Bomba la inchi sita lenye urefu wa mita tatu linapita kidogo lita 50, na hapo tunaweza kuzungumza. Chini yake huachwa kitundu kidogo cha kudondosha, ili likauke lenyewe kabla ya mvua nyingine, maana hakuna mwanadamu atakayekumbuka kulifungua kila mara.

Kuhusu tangi nitasema kwa ufupi. Lita 5,000 ni tani tano, hivyo lisikae juu ya matofali yaliyopangwa tu. Lijengewe kitako cha zege. Mwanga usiingie, la sivyo maji yatageuka kijani. Bomba la kuingizia lishuke hadi karibu na sakafu na kuishia kwa elbo iliyotazama juu, maji mapya yasivuruge tope lililotulia. Bomba la kumwagia ziada liwe na unene uleule wa lile la kuingizia. Na koki iwe juu kiasi cha kuingiza ndoo ya lita 20 chini yake. Ukikuta koki ambayo hata sufuria haiingii, ujue aliyeifunga hajawahi kutumwa maji.

Watu huuliza kama tangi hilo linatosha. Inategemea unataka litosheleze nini. Watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, kiangazi cha siku 210 kinadai lita 21,000, na wachache wana fedha za matangi hayo. Lakini kwa kunywa na kupikia peke yake, lita tano kwa kila mtu, unahitaji lita 5,250. Tangi moja, basi, linakaribia kuvusha familia nzima hadi mvua nyingine, kwa sharti kwamba koki ina kufuli na anayeshika ufunguo hana huruma na wafua nguo. Huo nao ni ufundi, ingawa kwa kawaida anao mama wa nyumba na halipwi.

Pwani walikuwa na haya yote kabla ya bati. Kwenye visiwa vya Lamu, upande wa Pate, Ndau na Kiwayu, ambako visima vingi hutoa maji ya chumvi, watu walijenga jabia: tangi la chini ya ardhi lenye sakafu pana inayoyaelekeza maji ndani. Ndani ya nyumba za mawe za Lamu, birika la chooni liliwekwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Sisi wa matangi ya plastiki hatuhitaji samaki, tunahitaji wavu mzuri kwenye kila tundu, lakini hofu ni ileile. Dar es Salaam ilipopata milipuko ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, mbu aliyekuwa akiisambaza ni yule anayetaga kwenye maji yaliyotulia karibu na watu, na tangi lisilo na wavu linamfaa sana. Yai lake huweza kuwa mbu kamili kwa wiki moja au zaidi kidogo.

Na kwa nini kujisumbua hivyo wakati kuna kisima? Mwulize mtu wa Arumeru. Chini ya Mlima Meru, kuanzia Maji ya Chai hadi Ngarenanyuki, miamba ya volkano imeyajaza maji ya ardhini floraidi. Watoto wanakua na meno ya kahawia, na wanaoyanywa miaka mingi wengine hupinda mifupa. Kuyachemsha hakusaidii, maji yakipungua kwa mvuke, floraidi inabaki na kuzidi kukolea. Maji ya mvua hayajagusa mwamba wowote, kwa hiyo hayana shida hiyo. Wadudu wa tumbo wanaweza kuwemo, kwa kuwa ndege ni wale wale kila mahali, na hao kuchemsha kunawamaliza. Ladha yake ni bapa kidogo, na chai yake ni nzuri kupita kiasi.

Limebaki swali ambalo fundi mzuri huuliza kabla hata ya kushusha vifaa, na wenye nyumba hushangaa kuulizwa: tangi likijaa, maji yataenda wapi? Katika mwezi wa kwanza wa mvua kubwa litajaa, na kuanzia hapo kila wingu litakuwa linamwaga maelfu ya lita kutoka kwenye bomba moja badala ya kuzunguka nyumba nzima. Likielekezwa kwenye uzio, umemvunia jirani mafuriko, na kesi hiyo itakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Likielekezwa kwenye shimo la migomba au mipapai, lililochimbwa mbali na msingi na mbali na choo, utapata kitu cha kula Septemba. Shimo hilo lichimbwe kabla mwezi wa kumi haujaisha, wakati udongo ni mgumu na vibarua wanalalamika, kwa sababu mvua ikianza hakuna atakayelichimba.