Pongezi kwa Wapika Mahamri wa Pumwani

Pumwani, mtaa wa Nairobi uliojengwa mapema miaka ya 1920, umelea wapishi ambao Eastlands nzima inapaswa kuwashukuru. Alfajiri mahamri yanafura kwenye karai, iliki inanukia hadi barabarani, na mbaazi za nazi ziko tayari sufuriani. Muulize mama kipimo cha hamira na tui. Atakuonyesha kwa kiganja, huku akiendelea kukanda. Wapo wanaoficha, na siwalaumu hata kidogo: kipimo hicho ndicho kinacholipa karo. Ila wanaofundisha ndio ninaowapa heko kubwa zaidi, kwani binti aliyejifunzia hapa Pumwani akienda kuuza mtaa mwingine kama Kayole, hamnyang'anyi mwalimu wake mteja hata mmoja. Mama akikubali kukufundisha, nenda na unga wako.