Fundi wa Foleni

Ukitaka kumjua dereva wa bodaboda aliyeiva, usimtazame barabara ikiwa nyeupe. Mtazame saa kumi na moja jioni kwenye Barabara ya Mandela jijini Dar es Salaam, kati ya Tazara na Buguruni. Malori yaliyotoka bandarini kwenda Zambia na Kongo yamesimama mstari mzima, daladala zimebanana upande wa kushoto, na magari madogo yanachomekea popote yanapoona mwanya. Kati ya mistari hiyo miwili hubaki uchochoro wa mita moja na ushee, pengine pungufu, na ndimo anamopita na abiria wake mpaka wakafika wazima. Wengi wetu hupanda nyuma ya madereva hawa huku tukichezea simu. Kazi inayofanyika pale mbele, mikononi na machoni mwa dereva, ni ya kifundi kweli, na nadhani haijatazamwa inavyostahili.

Kazi hiyo inaanzia kwenye mwendo. Pikipiki inayokwenda kilomita 20 kwa saa hupita karibu mita 5.6 kila sekunde. Sekunde moja hivi ndiyo anayohitaji binadamu ili jicho lione hatari, akili iamue na mkono ukamate breki. Kwa hiyo kabla breki haijaanza kushika, ameshapita urefu wa gari dogo zima. Kwa kilomita 50 anakuwa ameshakwenda karibu mita 14: magari matatu yamebaki nyuma na breki bado haijaguswa. Ndiyo maana dereva aliyeiva hupita katikati ya magari yaliyosimama kwa mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, wakati vijana waliojifunza juzi wanampita kwa kelele za resi.

Tazama mkono wake wa kulia. Vidole viwili vimelala juu ya mkono wa breki ya mbele bila kuubana, vilivyobaki vimeshika resi. Mguu wa kulia unakanyaga breki ya nyuma kidogo tu. Mkono wa kushoto umeikamata klachi nusu. Injini inavuta, breki inazuia, na baina ya nguvu hizo mbili pikipiki inatulia kabisa, haiyumbi wala haishtuki. Hata kwa mwendo wa kutembea inaweza kupita ndani ya mstari ulionyooka. Asiyejua huachia kila kitu, pikipiki ikaanza kupepesuka, naye akashusha miguu yote miwili na kupiga hatua juu ya lami. Mguu ulioko chini haukanyagi breki. Na akibana breki ya mbele kwa nguvu huku usukani umekunjwa, kwa mwendo mdogo namna ile, pikipiki inalala papo hapo, yeye na abiria wake wanaishia kwenye tairi la jirani.

Mambo haya yamepimwa mahali pengine. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchambuzi wa waendesha pikipiki 5,969 waliopata ajali katika jimbo hilo la Marekani, 997 kati yao wakiwa wanapenya katikati ya magari wakati wa ajali. Waliona kupenya kuna usalama wa kiasi chake iwapo magari yenyewe hayazidi kilomita 80 kwa saa na pikipiki haiyazidi magari kwa zaidi ya kilomita 24 hivi. Waliona pia kwamba wapenyaji hugongwa kwa nyuma mara chache kuliko wenzao, ila wao ndio huwagonga walioko mbele mara nyingi zaidi. Mwaka uliofuata jimbo hilo likaliingiza suala la kupenya katika sheria zake. Nikisoma takwimu hizo navikumbuka vile vidole viwili juu ya breki. Dereva wetu hajapata kuuona utafiti huo, lakini kikomo chake hakiko mbali na kikomo chao, na mara nyingi huenda chini yake, kwa kuwa barabara yake ina mikokoteni, wauza karanga na makonda wanaoruka kabla gari halijasimama.

Baada ya mwendo inakuja milango, na hapa ndipo ufundi unapokuwa mwingi. Sisi tunaendesha kushoto, usukani uko kulia. Gari lililo upande wa kushoto wa uchochoro linamgeuzia mwenye boda mlango wa dereva. Lililo upande wa kulia linamgeuzia mlango wa abiria. Dereva ana kioo, na si kawaida yake kuliacha gari katikati ya foleni. Abiria ndiye anayechoka kusubiri, akalipa, akafungua mlango bila kugeuka nyuma. Kwa hiyo fundi huegemea kidogo upande wa madereva, akauachia nafasi mlango wa abiria. Akiona teksi, mtu kainama kutafuta chenji, anapunguza zaidi. Noah ndizo anazoziogopa kwa namna ya pekee, maana mlango wa kuburuta hautangulii nje kukuonya. Unachokiona kwanza ni mguu wa mtu.

Na kushoto kwa daladala hapiti. Mlango wa daladala uko huko, konda yuko huko, na abiria anayeshuka anaitazama ngazi tu. Kuna sentimita za kutosha kupita, kila siku wapo wanaopita, na yeye anaziacha.

Magari nayo husema yanachotaka kufanya kabla hayajafanya, ukijua pa kutazama. Indiketa katika jiji hili huwashwa ikimpendeza mwenye gari, kwa hiyo fundi hutazama tairi la mbele. Gari haliwezi kuchomekea bila tairi hilo kugeuka kwanza. Hutazama bega la dereva na kichwa chake kwenye kioo cha pembeni: akimwona anatupa macho kulia mara mbili, ameshajua kinachofuata. Hutazama taa za breki zinapozimika, maana mguu umeachia na gari linataka kusogea. Zaidi ya yote hutazama uwazi. Mstari mmoja ukisogea na kuacha nafasi, aliyeko mstari wa pili ataitamani nafasi hiyo, na njia ya kuifikia inakatiza uchochoro wa boda.

Kuna uwazi mwingine ulio mbaya kuliko huo. Nilikuwa nimepanda nyuma ya dereva wa makamo tukielekea Buguruni. Mbele yetu lori lilikuwa limesimama ilhali gari lililolitangulia lilishasogea, na uchochoro ulikuwa mweupe kabisa hadi mbali. Akasimama usawa wa pua ya lori. Akapiga honi moja fupi, akanyoosha shingo kuchungulia. Akatoka muuza maji na boksi lake begani, akiwa amempungia mkono dereva wa lori kumshukuru, hata hakutuona. Dereva wangu alikuwa ameona jambo dogo tu: lori haliachi nafasi bila sababu, na sababu hiyo mara nyingi ina miguu miwili. Alimsubiri apite, akaachia klachi, tukaendelea.

Kwa malori ana adabu ya pekee. Aliyekaa juu kule haoni kitu kilicho chini ya kioo chake cha mbele wala ubavuni karibu na mlango, na malori mengine usukani wake uko kushoto, kwa hiyo huwezi kukisia dereva anaangalia upande upi. Lori lenye tela likikata kona, tairi za nyuma hazifuati njia ya tairi za mbele. Zinakatiza kwa ndani na kufagia nafasi iliyokuwa wazi sekunde chache kabla. Malori mawili yakiwa sambamba, fundi hubaki nyuma yao mpaka moja lisogee. Nyuma yake wenzake wanapiga honi. Abiria naye anamgongagonga begani: "Anko, mbona wenzako wanapita?" Anajibu bila kugeuka: "Tulia dada, hili linakata kona." Subira hiyo ina gharama. Ana hesabu ya kumpelekea bosi jioni, na kila dakika aliyosimama ni sehemu ya safari ambayo hataipata. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa uwezo wake wote wa kupenya.

Abiria naye ni sehemu ya vipimo. Sehemu pana ya pikipiki ikiwa tupu ni usukani na vioo vyake, lakini akipanda mtu mwenye magoti yaliyotanuka au mkoba unaoning'inia, upana umeshabadilika. "Magoti ndani, kaka," anasema kabla hajaingia kwenye uchochoro, na akiona mkoba anaomba auweke katikati yao. Aliyekaa upande humpitisha pembeni ya foleni au husubiri naye. Mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, hapakii. Wapo wanaofungua vioo ili wapate sentimita chache zaidi. Yeye huviacha, kwa sababu bila vioo hatajua boda nyingine inamjia nyuma kwa kasi ikitaka kupita humo humo.

Mvua ikianza kunyesha, mambo yanabadilika ndani ya dakika chache. Matone ya kwanza huinua mafuta na vumbi vilivyokaa juu ya lami, na ile rangi nyeupe ya kugawa njia huwa telezi, nayo ndiyo iliyo katikati ya uchochoro. Fundi huendesha kando ya mstari, asiukanyage, na akilazimika kuuvuka huuvuka pikipiki ikiwa imesimama wima, bila breki na bila kuongeza resi.

Barabara ya Morogoro ina kishawishi chake. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016, njia yao hukaa tupu pembeni mwa foleni ndefu, na vijana huingia humo. Basi la mita 18 lililojaa watu halisimami kwa ajili ya mtu aliyejitokeza ghafla. Sina la kuongeza.

Kinachonivutia mwisho ni jinsi anavyotoka kwenye uchochoro. Foleni inapoanza kwenda, wengi huendelea kupenya kwa kuwa wameshazoea, na magari nayo yanaongeza mwendo na kuanza kubadili mistari. Fundi huchagua mapema. Anatafuta gari dogo ambalo dereva wake ameshamwona kwenye kioo, anaonyesha indiketa, anainua mkono, anaingia mbele yake na kukaa katikati ya njia kama gari jingine lolote, taa ikiwaka. Hata akiona mwanya mzuri mbele, magari yakishakimbia anabaki kwenye mstari mpaka yasimame tena, pengine pale Tabata Relini, pengine Ubungo.